Udongo wa Nyuma ya Masikio

Asubuhi, kabla ya kufagia uwanja, Sikuzani aliwatoa sungura bandani, akawaweka mmoja mmoja juu ya kiroba kilichokunjwa. Walikuwa wawili, weupe, Pamba na Sukari, na mwenye nyumba pale Mikumi, Mama Filomena, aliwadekeza kama watoto. Sungura haogeshwi kwa maji. Akilowa anaweza kufa kwa hofu na baridi. Hupigwa brashi laini, kuelekea manyoya yanakolala, kisha hukaguliwa masikio, meno na chini ya mkia. Kucha hukatwa ncha tu, maana ndani mna mshipa.

Siku hiyo brashi ilipopita mgongoni mwa Pamba, ulidondoka udongo mweusi. Sikuzani akapitisha tena, ukadondoka mwingine, una nyuzi za katani. Banda lilikuwa la mbao, limenyanyuliwa juu ya matofali, na uwanja wote ni kokoto. Akaunusa. Ulikuwa wa Rudewa, kijijini kwao, wa shamba la mama yake, upande wa chini ambako mahindi huchelewa kukauka.

Shamba hilo sasa lilikuwa la Mathias, mume wa Mama Filomena. Mama yake Sikuzani alipozikwa pembeni mwa shamba, msimu uliofuata Mathias alileta trekta, akalima kuvuka mpaka wa shamba lake, akapita na juu ya kaburi. Kikao cha kijiji kilisema mpaka hauonekani. Ni kweli haukuonekana, ulikuwa umelimwa. Sikuzani hakuwa na pa kulala, ndipo Mathias na mkewe wakamchukua kwa kazi za ndani.

"Mbona wachafu hivi?" Mama Filomena aliuliza. "Unawapitisha wapi?"

"Shikamoo mama. Hawajatoka."

"Marahaba. Basi wasugue vizuri."

Aliwasugua vizuri. Udongo ulijaza ndoo, baadaye toroli, akawa anaumwaga nyuma ya choo hadi lundo likapita ukuta. Majirani waliomba kidogo wa kuotesha mchicha. Upendo, msusi wa nyumba ya pili, alichungulia.

"We Sikuzani, nipe hiyo brashi. Mimi nikichana vichwa vya watu naambulia mba tu."

Udongo wa Sukari ulitoka nyuma ya masikio tu. Ulikuwa mwepesi, kama uliochimbwa na kufukiwa. Siku moja brashi iligonga kitu kigumu: kigae cha bakuli chenye ua la bluu. Sikuzani alilijua bakuli hilo. Mama yake alilinywea uji wakati wa ugonjwa, na siku ya maziko walilivunja, wakaliweka kichwani pa kaburi. Udongo ule hakuupeleka nyuma ya choo. Aliuweka kwenye beseni, akalisukuma uvunguni mwa kitanda chake. Usiku huo alilala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu msiba.

Mathias aliporudi kutoka Rudewa hakukaa hata chini.

"Shamba langu limekuwa shimo," alisema. "Maji yametuama, vyura wanaimba. Kumbe nyie huku mnalichana!" Akalitazama lundo, akashusha pumzi. "Kesho inakuja kirikuu kuubeba. Urudi wote."

Sikuzani hakuzoea kuongea na wakubwa. Aliongea akitazama vidole vyake vya miguu.

"Baba, ule wa kwenye beseni naomba nibaki nao. Ni wa mama."

"Mama yako hana shamba."

"Si shamba, baba. Ni kaburi."

Mathias alifikiri. Hakuwa mtu wa kufoka.

"Ukibaki nao patabaki shimo," alisema. "Gurudumu la trekta litazama."

Kesho yake wakaenda Rudewa na kirikuu. Sikuzani alitandaza udongo kwa jembe mpaka jua likasogea. Beseni alilimwaga mwisho, mahali palipobonyea urefu wa mtu aliyelala, na juu yake akaweka kile kigae. Mathias alikiokota kwa vidole viwili, akampa kwa upole.

"Hiki chukua, mwanangu. Kitachana tairi."

Trekta ikapita.

Kulipokucha, wakiwa wamerudi Mikumi, Sikuzani alikunja kiroba, akamweka Sukari. Akamtazama meno, akamkagua kucha, akapitisha brashi nyuma ya masikio. Mama Filomena alikuwa dirishani na kikombe chake cha chai.

"Bado unatoka?"

"Bado, mama."

"Haya. Ukijaa useme, tuite kirikuu."

Sikuzani akaitikia, akaingia ndani kuchukua beseni.