Taa Iliyomulika Matawi

Ochieng aliponifuata kazini kwa pikipiki yake ya theluji, ile anayokwenda kuchezea milimani Pennsylvania, sikumsalimu. Tumeachana, kesi ya kumgombania mtoto bado iko mahakamani, nimsalimu ya nini?

"Yaya wako Mumbi amenipigia, ameteleza kwa ngazi, ambulance imembeba," alisema akiwa mlangoni kwa mzee ninayemtunza. "Ethan ameachwa peke yake na stima imepotea. Nimegonga, amekataa kufungua. Anasema ulimkataza."

Ni kweli nilimkataza. Ana miaka sita, na havuki neno la mama yake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na wangu nilikuwa nimemlea barabara.

"Si ungenipigia niongee naye?"

"Uliniblock, Jerotich. Haya, nipe ufunguo niende."

"Ufunguo wa nyumba yangu? Labda nikiwa maiti."

Nikamwachia binti ya mzee zamu yangu, nikapanda nyuma. Mji wetu wa Rockville ulikuwa giza, magari yamefukiwa na theluji. Nilikaa mwisho kabisa wa kiti, nimeshika vyuma vya pembeni, koti langu lisiguse lake. Uzito wangu ukakandamiza nyuma, mbele kukainuka, na taa ikawa inamulika matawi ya miti huku njia yenyewe haionekani.

"Songa huku! Sioni barabara!"

"Wewe endesha!"

Tukaparamia gari lililofukiwa, nusura nirushwe. Ochieng akasimama. Hakugeuka.

"Unataka tumfikie mtoto, ama unataka tufe ukinichukia?"

Nilimchukia zaidi kwa kuwa alisema kweli. Nikasonga, nikamkumbatia kiunoni, meno nimeyauma. Taa ikashuka, barabara ikaonekana. Bado alinukia sabuni ileile ya zamani. Nililia kwa hasira mpaka tukafika.

Tulipanda ngazi tukipapasa. Nikazungusha ufunguo, mlango ukafunguka kidogo ukakwama. Ethan alikuwa ameweka mnyororo. Jicho lake likachungulia, akaniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, iwapo baba yupo.

"Yupo. Toa mnyororo."

Akasema niliagiza asifungue kamwe baba akiwepo.

"Leo ni sawa, Ethan. Mfungulie baba yako."

Akaninong'oneza, akiuliza iwapo ni baba anayenilazimisha kusema hivyo.

Niligeuka nikingoja Ochieng afoke, aseme hakimu atayasikia haya yote. Hakufoka. Aliweka tochi yake sakafuni karibu na mlango, akashuka ngazi akijishika ukutani. Pikipiki ikanguruma, taa ikapita dirishani, ikapotea.

Ndipo mnyororo ukatolewa. Ethan alinirukia, anatetemeka, vidole vyake vimekuwa barafu. Akaniuliza kama amefanya vizuri.

Nikamwambia amefanya vizuri. Ningemwambia nini, na ndivyo nilivyomfunza?