Tumbo la Fahali na Tumbo la Jike

Nilimrudisha mkwe wangu kwao kwa sababu ya wali, na sitaki mtu anitetee. Mwanasha alikuwa ameolewa na mwanangu Dhadho miezi mitatu, na katika miezi hiyo hakumaliza sahani yangu hata mara moja. Nyumbani kwetu Ndera mume na mke wapya tuliwapakulia sawasawa, asitokee wa kusema amebaguliwa. Dhadho alilamba vidole na kuchungulia chungu. Mkewe alikula nusu, akashika tumbo, akasema, "Nimeshiba, mama. Chakula kimekaa tu hapa."

Kimekaa! Mpunga nimeulima mwenyewe ukingoni mwa mto, nikaulinda na ndege mpaka sauti ikanikauka, halafu mtoto wa watu aniambie kimekaa. Nikamnywesha haluli ya kufungua tumbo, akajikunja kwa msokoto siku mbili, na sahani bado akaiacha nusu. Basi nikakata shauri kwamba ananidharau. Siku tano kabla ya Idi nikampandisha mtumbwini na bunda lake la nguo, arudi kwao Chewele. Dhadho akashika jembe akaenda shamba.

Asubuhi ya Idi kijiji kilichinja fahali na ng'ombe jike tasa. Kuosha matumbo ni kazi yangu miaka thelathini sasa. Nilikata kipande cha kila tumbo, vyote vingali vya moto, nikavishika mkononi. Cha fahali kilijikaza, kikalegea, kikajikaza tena kwa nguvu. Cha jike kilitikisika kidogo tu.

Jaldesa, mfugaji wa Kiorma aliyetuletea wanyama, alikuwa akifuta kisu chake. Nikamuuliza kama yule jike alikuwa mgonjwa.

"Hapana mgonjwa, mama. Mimi naona siku nyingi. Tumbo ya dume nakaza sana, nasukuma majani mbio. Ya jike nasukuma polepole. Iko hivyo."

"Na akila mengi?"

"Nakaa tu."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Mikono yangu ilikuwa ikilijua jambo hili kila Idi, na mimi sikuwahi kufikiri kwamba binti wa watu naye ana tumbo. Nikawaachia wenzangu nyama, nikamwita Dhadho achukue upondo wa kusukumia mtumbwi.

Tulipanda mto dhidi ya mkondo, tukafika Chewele kesho yake adhuhuri. Mama yake Mwanasha alinipokea kwa heshima ambayo sikustahili, akanitandikia mkeka na kunipakulia wali uliorundikwa kama kilima. Mwanasha alisimama mlangoni akinitazama. Alikuwa amekonda, na roho iliniuma.

Nilikula nusu, nikanawa.

"Mama, humalizi?" Mwanasha akauliza. Hakuwa na shari, alishangaa tu.

"Njoo ukae hapa, mwanangu," nikamwambia. "Nimekuja kukuomba radhi urudi kwako. Na kumaliza, mimi sijamaliza sahani tangu nilipoolewa. Mama mkwe wangu alikuwa akigeuka makusudi, nami nawamwagia kuku wali uliobaki. Wewe nilikukalia mbele, sikugeuka hata mara moja."