Ukuta Usiotaka Lipu

Jumamosi, tarehe kumi na nne mwezi wa sita. Tangu alfajiri manyunyu yalikuwa yakianguka, membamba kama uzi wa cherehani, na jua halikuonekana hata kwa dawa.

Mshonaji alifika kwake akiwa amemshika mkono mama yake, ambaye alikuwa amemfuata tangu jana aje kuishi naye. Alipofungua lango la ua alisimama ghafla. Ukuta wa mbele wa nyumba yake ulikuwa umevishwa lipu ya saruji, kijivu, laini, kuanzia msingi mpaka darini.

"Mbona umesimama?" mama aliuliza akikohoa. "Nyumba imehama?"

"Wameizika, mama."

Chini ya lipu ile kulikuwa na jasho lake la miaka mitatu. Miti iliyoangushwa na dhoruba aliikata vipande vifupi, akavibambua magome kwa panga, akavianika mpaka vikawa vinalia vikigonganishwa. Kisha akavilaza ukutani kama mtu apangavyo kuni, ncha moja nje na nyingine ndani, akivishikiza kwa mchanga, chokaa na vumbi la mbao lililolowekwa. Watu walimcheka. "Mama Kuni, ukishikwa na baridi utachoma sebule?" Aliendelea kupanga. Alikuwa akimjengea mama, ambaye kifua chake kilikuwa kimechoka na chumba cha bati kinachotoa jasho usiku kucha. Kila kipande alichokilaza alikiombea.

Na ukuta wa namna hiyo hupumua kwa ncha zake. Mvua ikiupiga, unakaukia hapo hapo. Ukiziba ncha, unyevu unabaki ndani, mti unavimba, unaoza, na ukungu wake unaishia kwenye mapafu ya aliyelala humo.

Fundi lipu alikuwa uani akiosha mwiko kwenye ndoo.

"Nani kakutuma?"

"Suti," fundi alijibu bila kuinua macho. "Jana jioni. Mimi niliitwa tu, dada. Mimi ni mwiko tu mkononi mwa mtu."

Suti alikuwa kaka yake mkubwa. Watu walimpa jina hilo kwa sababu alivaa koti hata akienda kununua mkaa.

Mshonaji alibonyeza lipu kwa kidole gumba. Kidole kikazama. Manyunyu yalikuwa yameikatalia kukauka. "Ahsante, Mungu," alisema huku meno yameumana. Akamkalisha mama kwenye kigoda chini ya upenu, akachukua nyundo na tindo.

Pigo la kwanza liliangusha kipande kikubwa kama sahani, na ncha ya gogo ikachungulia, imelowa. Alipiga tena. Alipiga kama mtu agongaye mlango wa nyumba inayoungua.

"Wewe! Una wazimu?" Suti aliingia mbio, koti likipepea. "Unajua saruji ile imenigharimu kiasi gani?"

"Nilikuagiza?"

"Wakwe wa binti yangu wanakuja kesho. Watapita hapa. Niwaambie dada yangu analala ndani ya rundo la kuni?"

"Waambie analala kwake."

"Nimekufanyia hisani!"

"Hisani gani inangoja kisogo cha mtu? Ulijua nimemfuata mama. Ungekuwa na neno jema, ungelisema nikiwa nimesimama hapa."

Suti alimgeukia mama. "Mama, sema na mwanao. Watu watatucheka."

Mama alinyoosha mkono akaugusa ukuta, akaurudisha umelowa. "Kifua hiki ni changu, mwanangu. Ni mimi nitakayelala humu. Mimi uliniuliza?"

Suti akakung'uta koti lake. Kisha akajaribu njia nyingine, kwa sauti ya asali. "Dada, wewe si mtu wa sala? Asubuhi magotini, jioni magotini. Basi samehe, yaishe."

Hilo ndilo lililomchoma. Kaka yake alikuwa amelitoa neno la Mungu mfukoni kama leso, ajipangusie matope. Mshonaji alifumba macho. *Bwana, ushike mkono huu wenye nyundo.* Alipoyafumbua, hasira ilikuwa palepale, ila mkono ulikuwa umetulia.

"Fundi, acha ndoo hiyo, njoo karibu. Mama, nawe sikia."

Fundi akasogea, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu wawili. Nitamsamehe kaka yangu. Nitamsamehe siku ncha ya mwisho ya ukuta huu itakapokutana na hewa, wala si dakika moja kabla. Na nikimsamehe, sitalitaja tena mpaka nife." Akaokota tindo ya pili, akamnyooshea Suti. "Ukiwa na haraka ya msamaha, kaka, vua koti."