Neno la Kuondolea Katazo

Jumanne saa mbili asubuhi Mektilda alikuwa akibadilisha wino wa printa katika steshenari yake ya Mchafukoge, Abdulatif alipoingia na karatasi iliyokunjwa mara nne. Abdulatif alikuwa karani wa ofisi iliyosimamia uchochoro wa nyuma, na matangazo yote ya ofisi hiyo aliyachapa Mektilda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo mnakataza nini?"

"Leo tunaachia. Lile katazo la kupika uchochoroni limeonekana halina maana. Ila mkuu ameacha nafasi, hajui aseme limefanywa nini. Weka neno lolote, si yote sawa?"

Mektilda alikuwa amechapia watu barua kwa miaka thelathini na alijua si sawa. Uteuzi wa mkubwa hutenguliwa, cheti cha kughushi hubatilishwa, na nywele zilizosukwa vibaya hufumuliwa. Akachagua neno ambalo hata mtoto wa shule analijua. Akachapa: Katazo limefutwa.

Tangazo lilibandikwa saa nne. Kufikia saa sita kila kilichoandikwa uchochoroni kilikuwa kimefutika: vibao vya maduka, majina kwenye ndoo, namba za migongoni mwa jezi. Wateja wakawa wanauliza kwa mdomo na biashara ikaendelea. Aliyelalamika alikuwa mwenye duka la dawa peke yake, maana vikopo vyake vyote sasa vilifanana.

Kesho yake akaja Zamzam, mama lishe kutoka Lindi, aliyekuwa amehamia Buguruni tangu Februari, mgambo walipomnyang'anya masufuria saba. Alikwenda moja kwa moja stoo ya ofisi, palepale uchochoroni. Kila sufuria lake lilikuwa na jina lake kitakoni kwa rangi nyekundu. Sasa vitako vilikuwa vyeupe.

"Haya hayana jina, mama," Abdulatif akasema.

"Lilikuwepo mpaka jana."

"Jana ni jana. Leo kila mtu anaweza kuja akasema ni yake."

Hakulisema kwa ubaya. Alimpa hata kiti. Kisha akaenda kwa Mektilda kubadilisha neno, kwa sababu mwenye duka la dawa alikuwa ameshapiga simu kwa mkuu.

"Weka limetanguliwa," akasema. "Nimelisikia redioni."

"Hilo watu wanalitumia kwa ndoa."

"Linamaanisha kuondoa?"

"Linamaanisha, lakini..."

"Basi chapa, mama."

Yaliyofutika hayakurudi, watu wakanunua rangi na kuandika upya. Ila jioni hiyo ndoa za wote waliokuwa na duka au meza uchochoroni zilitanguka. Zilikuwa kumi na moja. Tarsis, mume wa Mektilda, aliyeuza vipuri vya cherehani mkabala na tangazo, alipanda ngazi hadi nyumbani kwao, akasimama nje.

"Hodi."

"Mlango si uko wazi?"

"Siwezi kuingia jioni kwa mwanamke asiye mke wangu. Majirani watasema nini?"

Mektilda akajisikiliza, akaona ni kweli hana mume. Akamtolea sahani ya ndizi kwa nyama mlangoni. Tarsis alikula akiwa amesimama, akarudisha sahani kwa mikono miwili, akaenda kulala kwa binamu yake Benedict. Mektilda alilala katikati ya kitanda, na hakupapenda.

Wengine uchochoroni walishukuru kimyakimya na hawakumtafuta mtu. Tarsis yeye alifika steshenari Alhamisi asubuhi, amenyoa ndevu, akaomba kutolewa kopi moja ya kitambulisho. Kopi ilitoka mara moja. Alikaa saa nzima.

"Siku ya kwanza nilipokuona," akasema, "ulikuwa unachapa barua ya mtu anayemfukuza mpangaji wake. Ukayaondoa matusi yote, barua ikabaki salamu tu. Nikasema, huyu nitazeeka naye."

"Mbona miaka yote hukuniambia?"

"Tulikuwa tumeshaoana."

Mektilda akageukia printa, ingawa haikuwa na karatasi iliyokwama.

Ijumaa, Zamzam akiwa kwenye benchi la wateja, Mektilda alichapa tangazo la tatu bila kuagizwa: Katazo limeondolewa, na vyombo vya watu vitarudishwa. Abdulatif akalisoma mara mbili.

"Hapo mwisho toa, mama."

"Kwa nini?"

"Si unaona maneno yako yanavyofanya kazi? Hili likibandikwa, masufuria yatatembea yenyewe hadi hapa. Na mengine hayapo tena stoo. Yako majikoni kwa wakubwa." Alisema taratibu, kwa heshima, kama mtu anayemweleza daktari anapoumwa. Kisha akachukua kalamu akaandika mwenyewe: Limetenguliwa.

Hilo ndilo lililobaki. Kila Mwislamu aliyepita chini yake udhu wake ulitenguka, kwa hiyo waliokuwa wakienda msikitini wakaanza kuzungukia barabara ya juu, wakazoea.

Padri alitangaza ndoa ya Mektilda na Tarsis Jumapili tatu mfululizo, kama anavyotangaza za vijana. Chakula alipewa Zamzam apike, na apikie palepale uchochoroni, kwa kuwa sasa ilikuwa ruksa. Mektilda alitaka kumkodia masufuria.

"Ya nini?" Zamzam akasema. "Yangu ninayo. Moja hili nililoliacha nyumbani siku ile, na saba wanayo wao."

Akapika pilau kwa sufuria moja, awamu kwa awamu, tangu saa tano. Abdulatif alikuja na suti, akawahi zamu ya kwanza.

"Mama Zamzam, mkono wako ni uleule. Ila mbona watu wengi hawajala?"

"Sufuria ni moja, mwanangu. Mengine mnayo."

"Kweli kabisa," akasema Abdulatif, akasogeza sahani aongezewe kachumbari.

Zamzam akamwongezea. Kisha akasugua sufuria, akaliinjika tena. Bwana na bibi harusi walikuwa zamu ya nne. Walikaa kwenye benchi, goti kwa goti, wakasubiri.