Jina la Kupimia Mwendo

Asubuhi hiyo ya mwaka wa tisini na tisa benchi ya zahanati ya mradi, mjini Kakamega, ilikuwa imejaa, na sakafu ilikuwa na matope ya watu waliotoka Shinyalu kwa miguu. Roda aliingia na leso aliyozikwa nayo. Watu wakasogea, akaketi.

Mumewe, Osiako, alikuwa hapo tayari na binti yao Maurine, aliyekuwa akivuta pumzi kwa shida.

"Umekuja tena, Mama Maurine?" Osiako akauliza.

"Wameniita. Wananiitanga tu, hawasemi wanataka nini."

Kwao jina la marehemu haliitwi ovyo, kwa sababu mwenyewe huitika. Watu wa mradi hawakuuliza.

Zahanati ilikuwa imeletewa kompyuta, na ukurasa wa mgonjwa usipofunguka kwenye kioo hakuna daktari wa kumgusa. Kurasa zilifunguka polepole. Roda mwenyewe alikufa kwenye benchi hiyohiyo akingoja ukurasa wake. Wakubwa hawakusema hata pole. Walimleta fundi kutoka Nairobi, Eugene, aongeze mwendo wa kiunzi, yaani programu inayoendesha kurasa, kisha aupime.

Eugene alipima kwa jina la Roda. Habari za mfu hazibadiliki, kwa hiyo mtambo uliweka jibu lake tayari na kulitoa papo hapo. Za aliye hai zilitafutwa upya kila mara, na huko hakuna kilichoongezeka.

"Nusu sekunde!" akasema, akabonyeza tena. Roda akainuka, akatoka nje, akaingia upya.

"Kazi safi," akasema Bwana Andati, msimamizi, ambaye hajawahi kuikalia benchi hiyo.

Osiako akaenda kwenye dirisha la chumba cha kompyuta. "Bonyeza la Maurine. Huyu yuko hai."

"Litaniharibia wastani, mzee. Ngoja ripoti iende."

"Huo wastani unaumwa wapi?"

Mama mmoja akacheka, kisha akatazama chini.

Wakangoja. Osiako alifungua kitambaa alichofungia obusuma, ugali wa kwao, akamkatia mkewe kipande.

"Bado hujui kusonga," Roda akasema, akala. Mkono mwingine akauweka kwenye paji la Maurine. Ulikuwa baridi sana. Maurine akasema uache hapo hapo, unamsaidia.

Alasiri Bwana Andati alitoka kwenye simu. "Makao makuu wanasema jina moja halitoshi. Wanataka la pili la aina hiyo."

Eugene alichungulia benchi kupitia dirisha. "Litapatikana," akasema, bila ubaya wowote. Ukurasa wa Maurine ulikuwa bado unafunguka.

Baada ya matanga ya Maurine, Osiako alirudi peke yake, na obusuma wa kutosha watatu. Ukutani palibandikwa karatasi ya pongezi: zahanati yenye mwendo wa kasi kuliko zote mkoani. Benchi ilikuwa imejaa. Ndani, Eugene alibonyeza.

Watu wakasogea, Roda akaketi. Kisha wakasogea tena.