Moto wa Mjomba

Wenzake wa maabara walimwita Mama Unga, ingawa hakuwa na mtoto wala kinu. Unga wenyewe ulikuwa titani dioksidi, ule unaotiwa kwenye rangi nyeupe za ukuta. Aliutia katika chupa ya maji, pamoja na matone ya spiriti na chembe kidogo za platinamu za kuusaidia, akaumulikia taa ya miale mikali, kisha akangoja utoe haidrojeni majini, gesi inayowaka bila moshi. Alikuwa amengoja miezi mitatu. Gesi iliyopanda kwenye bomba la kupimia haikufika hata mstari wa kwanza.

Ijumaa mkuu wa maabara angekuja kulitazama bomba hilo. Likiwa tupu, meza ya Mama Unga angepewa mwingine. Aliambiwa hivyo waziwazi, tena mbele za watu.

Jumanne asubuhi akafanya jambo alilopaswa kulifanya zamani: akaupeleka unga kwenye mashine ya eksirei inayosoma jinsi chembe zilivyojipanga. Maana unga huo usiuone hivi hivi. Ukindu ni ule ule, lakini mkeka husukwa namna mbalimbali. Kuna msuko uitwao anatasi, ambao ulitakiwa uivishwe kwa nyuzi joto mia nne na hamsini tu, na huo ndio hodari wa kazi. Moto ukizidi sana, chembe hujifumua na kujisuka upya, zikawa rutili. Na rutili peke yake ni mvivu.

Karatasi ya mashine ikaonyesha rutili tupu.

Akausogeza unga dirishani. Kweli, weupe wake ulikuwa na umanjano kwa mbali, kama kola ya shati la siku nyingi. Akashuka ngazi mbili mbili hadi chumba cha tanuri.

Mwenye tanuri alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake tumbo moja, aliyechoma vigae vya mapaa miaka ishirini kabla ya kuajiriwa pale.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja na uso wa hakimu?”

“Unga wangu nilikuandikia nyuzi ngapi?”

“Mia nne na hamsini.”

“Na wewe unachoma ngapi?”

Mjomba akajikuna kidevu. “Mia nane.”

“Mia nane!”

“Sasa mia nne na hamsini ni moto huo, au ni jua la asubuhi? Kigae cha moto huo, mvua moja tu kinarudi kuwa tope. Nikasema, huyu ni mtoto wa dada yangu, siwezi kumpa kitu kibichi.”

“Umenipikia kwa mapenzi, mjomba, ukaniunguzia.”

“Na wewe mbona hukunikagua? Miezi mitatu nakuletea sinia, unasema ahsante tu.”

Hilo likamwingia. Kweli hakuwahi kuitazama saa ya joto ya tanuri hata siku moja. Aliona haya kumkagua mtu mzima, tena mjomba.

“Basi leo nakukagua,” akasema, akavuta kiti. Kopo moja la unga mbichi ndilo lililobaki.

Joto likapanda. Kila lilipopanda, mkono wa mjomba ulisogelea kitufe.

“Mjomba!”

“Najinyoosha tu, jamani.”

Ilipofika mia nne na hamsini mjomba akaguna kama mwenyeji anayemwona mgeni akiondoka na njaa. Lakini hakugusa kitu. Mama Unga hakubanduka mpaka saa zake zikatimia.

Jumatano unga ulitoka mweupe pe. Chini ya taa, viputo vidogo kama vichwa vya pini vikaanza kupanda, kimoja, viwili, kisha msururu. Mpaka Ijumaa gesi ilikuwa mstari wa saba.

Mkuu akainama, akatazama, akavua miwani, akatazama tena.

“Huko nyuma kosa lilikuwa la nani?”

“Langu,” akajibu Mama Unga. “Nilipeleka unga kwenye moto, nisiende kuutazama moto.”

“Meza ibaki kwako. Lakini mara moja si ushahidi. Nataka mara tatu.”

Mkuu hajafika mlangoni, Mama Unga alikwisha kufunga aproni, anapima unga mbichi uliosalia koponi. Alipoingia na sinia chumba cha tanuri, mjomba alikuwa amemwekea kiti mbele ya saa.

“Kaa, mkaguzi,” akasema. “Mimi nasoma, wewe andika.”