Vichwa Viwili Vilivyonyolewa Jumamosi

Je, umewahi kuona mtu akililiwa matanga huku yeye mwenyewe yuko ndani anakunywa uji? Mimi nimeona, hapa kwetu Rangwe, na chanzo kilikuwa wembe wangu.

Mzee wangu Cephas alianza na kikohozi. Baadaye mkono wake wa kulia ukawa unaangusha vitu: kijiko, kikombe, hata kamba ya ng'ombe. Daktari akasema saratani ya mapafu imepanda mpaka kwenye ubongo. Mionzi haitaimaliza, alisema, lakini inaweza kuipunguza nguvu, mkono urudi. Mara kumi, wiki mbili. Kijana wetu Jeff akafunga duka lake la Suna ampeleke Kisumu. Mimi pia nilikuwa nimeshafunga kibuyu na shuka. Cephas akasema, "Wewe baki na ng'ombe." Nikabaki.

Alirudi Ijumaa, mara tano zikiwa zimeisha. Jeff alinieleza vile inafanyika: anawekewa usoni barakoa ya plastiki yenye matundu, ile iliyofinyangwa kwa uso wake ikiwa moto, halafu inabanwa kwa kitanda kichwa kisisonge. Watu wote wanatoka, mlango unafungwa.

"Haiumi, Mama. Ni dakika chache tu."

Cephas alikuwa anatazama ukuta. "Mimi sirudi," akasema.

"Kwa nini, Baba?"

"Nimechoka."

"Sasa unataka nini?"

"Hakuna."

Sikulala vizuri. Mara tano zilizobaki ndizo zilizokuwa tumaini letu.

Asubuhi akaniita. Muuguzi alimwambia nywele zitaanguka siku zijazo, na yeye hapendi uchafu. "Heri uninyoe sasa kuliko ziniangukie kwa mboga." Nikamnyoa kwa wembe mpya na sabuni ya kipande, polepole, hata nyuma ya masikio. Akajipapasa.

"Nafanana na yai."

"Basi tuwe mayai mawili," nikasema, nikajinyoa na mimi. Alinishikia kioo kwa mkono wa kulia. Kioo hakikuanguka. Niliona mkono unaanza kurudi, nikaogopa hata kuutaja.

Kumbe nilisahau jambo ambalo kila mtoto wa huku anajua: mwanamke akitokea ghafla na kipara, mume wake amekufa. Nilitoka kuchota maji kwa tangi. Jirani yangu Priscilla akaniona juu ya ua, akaangusha sufuria.

"Uwi! Jaduong' Cephas! Mzee wetu! Uwi!"

Kabla ndoo yangu haijajaa, watu tisa walikuwa uani. Priscilla alikuwa chini anagaragara. "Nani ataninolea jembe sasa? Mama Jeff, mmemzika huko Kisumu bila sisi, kama kuku!"

Cephas akatokea mlangoni na kikombe chake cha uji.

"Priscilla, jembe lako liko nyuma ya nyumba. Nililinoa kabla sijaenda."

Jirani mwingine, mzee Nyangau, akacheka mpaka akakaa chini, na wengine wakamfuata. Priscilla akainuka, nyasi kwenye kitambaa chake, hasira tele.

"Na wewe Mama Jeff! Mume yuko hai, unajinyoa ya nini?"

"Asiwe peke yake," nikasema.

Cephas akaacha kucheka. Uji ulitikisika, lakini kikombe kilikaa mkononi.

"Ule mlango ukifungwa, ninaogopa," akasema, mbele ya watu wote, yeye ambaye hata nyoka hakuwahi kusema anamwogopa. "Kuna kipaza sauti. Mtu wa nje anaweza kuongea na mimi. Jeff ananiambia habari za mpira."

"Nilidhani unapenda, Baba!" Jeff akasema nyuma yake.

Priscilla alikuwa anajipangusa vumbi. "Ng'ombe nitakamua mimi," akasema, bado amenuna.

Cephas akanitazama kichwani, kisha machoni.

"Sikutaka ubaki na ng'ombe," akasema. "Nilitaka twende wote, nisikie sauti yako mle ndani. Jumatatu twende, Mama Jeff."